Mshenga wa Kuulizia Ndege

Vijiko vidogo vya chai vikiwa vimejaa kwenye kreti ya plastiki, halafu ndege kubwa ikanguruma karibu, vinalia. Si kelele. Ni kama mvua iliyoanza kwenye bati halafu ikaghairi. Siku yangu ya kwanza kazini niligeuka kutafuta nani anatikisa kreti, nikakuta watu wote wameinamia kazi zao. Mama mmoja wa Bukavu, aliyesimama ng'ambo ya mkanda, akanicheka.

"Ni ndege, mtoto yangu. Iko nasalimia."

Tangu siku ile nikawa naitikia kimoyomoyo: marahaba. Hata leo nikisikia vijiko vinagongana jikoni kwa mtu, narudi palepale Hayes, pembeni mwa Landani karibu na uwanja wa ndege, kwenye lile ghala lenye baridi, mimi na glavu zangu za buluu.

Kazi yetu ilikuwa kupanga trei za chakula cha abiria. Uma, kisu, kijiko, leso, kimkate, siagi, mkanda unatembea, ingine inakuja. Kwa kuwa chakula kile kinaingia ndani ya ndege, masharti yalikuwa makali. Simu ilibaki kwenye loka mpaka unatoka. Mimi sikuumia sana na hilo. Mikono ikishazoea trei, kichwa kinabaki bure, na kichwa changu mimi kikibaki bure kinaota. Niliota nimekaa kwenye jengo la vioo huko mjini, nina kiti kinachozunguka na kajani kangu kwenye chungu juu ya meza, naandika programu za kompyuta. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na cheti chenyewe si cha kutundika ukutani. Lakini maktaba ya karibu na kwetu ilikuwa na darasa la bure kila Jumamosi, na mwalimu wake alikuwa mtu wa subira. Nikajifunza kidogokidogo, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto.

Kilichonivuta nifanye jambo pale kazini ni chakula kutupwa. Ndege ikichelewa na watu wa troli wasipate habari mapema, trei zinatolewa kwenye chumba cha baridi kabla ya wakati, zinakaa, zinaharibika, zinatupwa. Mimi nikiona chakula kizima kinamwagwa siwezi kuangalia tu. Nikamwendea msimamizi wetu, nikamwambia ile televisheni ya ukutani inayoonyesha picha za namna ya kubeba mizigo, inaweza ikaonyesha ndege ipi imechelewa na ipi iko njiani. Alinitazama kama naomba kupaka ghala rangi ya waridi.

"Jaribu," akasema, "almuradi usivunje kitu."

Akanipa kompyuta kuukuu iliyokuwa kwenye ofisi ya kupakia, nitumie wakati wa mapumziko.

Sasa nieleze kidogo, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui. Tovuti ni kama nyumba. Ina mlango wa mbele, wa wageni, wenye mapambo na picha. Lakini tovuti nyingi zina pia mlango wa uani, unaopita programu. Huko hakuna mapambo: programu inabisha, inauliza jambo lake, inapewa jibu kavu, inaondoka. Mlango huo wenyewe wanauita API. Kulikuwa na tovuti moja ya habari za ndege yenye mlango kama huo. Nikaandika programu yangu nyumbani, jikoni kwa mama mdogo ninayekaa naye, kwenye laptop yangu yenye herufi tatu zilizong'oka. Jibu la kwanza lilipoingia nilipiga ukelele, mama mdogo akatoka bafuni na povu kichwani.

"Umeungua?"

"Nimejibiwa!"

"Na nani? Mwanamume?"

"Na uwanja wa ndege, mama mdogo!"

"Basi sawa," akasema akirudi kuoga, "huyo angalau ana kazi."

Nikaipeleka ile programu kazini nikiwa natembea kama bibi harusi. Nikaiwasha. Kimya. Nikangoja, nikangoja, mwisho ikaandika kwamba imechoka kusubiri. Mistari ni ileile, herufi ni zilezile, jana nyumbani imejibiwa, leo hakuna hata "karibu". Nikaanza kuibembeleza kwa sauti ya chini.

"Jibu basi, mama. Jibu."

"Hatakujibu," sauti ikatoka chini ya meza, kwa Kiswahili safi. "Hajakusikia."

Niliruka. Akatambaa kutoka huko mzee mmoja wa Kihindi, fundi wa kompyuta wa kampuni, ana nyaya mabegani kama mtu aliyetoka kuvua. Nilikuwa nampita kila siku kwenye korido nikimpa "good morning" yangu, sijui lolote.

"Shikamoo!" ilinitoka yenyewe.

"Marahaba. Mtu wa wapi?"

"Muheza."

"Machungwa!" akasema. Kila mtu husema hivyo. "Mimi Tanga mjini. Baba alikuwa na duka la khanga. Nimejifunza kusoma kwenye khanga kabla ya kitabu. Haya, sogea nikuone unachokibembeleza."

Akasoma mistari yangu huku anasafisha miwani kwa shati. Akaniambia kwamba humo ndani ya kampuni hakuna kompyuta inayotoka nje yenyewe. Kuna kompyuta moja inakaa mlangoni, jina lake proksi. Ukitaka kuuliza kitu nje, unampa yeye ombi lako, anakwenda nalo, anakuletea jibu. Kule nje anaonekana yeye, wewe huonekani. Programu yangu, isiyojua hayo, ilikuwa inatoka mbio na kujigonga ukutani.

"Lakini nikifungua tovuti hiyohiyo kwa kawaida inafunguka."

"Kivinjari kimeshaambiwa pa kupita. Hii yako nani kaiambia?"

Nikafikiri. "Kwa hiyo proksi ni mshenga."

"Ehe. Mshenga. Na huyu wetu ana maringo, hapokei posa ya mtu asiyemjua."

Kweli alikuwa na maringo. Tulipoiandikia programu anwani yake, jibu lilikuja mara moja, lakini la kukaripia: namba 407, yaani jitambulishe kwanza. Kwetu mtu akiuliza "nani?" nje wanajibu "mimi", na mwenye nyumba anatakiwa ajue mwenyewe huyo mimi ni nani. Programu yangu ilikuwa imejibu "mimi". Mzee akaipa jina lake na neno lake la siri, akanikataza nisiliandike neno lile ndani ya mistari ambako kila mpita njia ataliona. Akanionyesha pa kuliweka pembeni, kwenye mipangilio ya mashine.

Ikagoma tena. Safari hii ilikuwa habari ya muhuri. Mshenga wetu, kumbe, ni mmbeya: kila bahasha inayopita anaifungua aangalie kama haina sumu, halafu anaifunga upya kwa muhuri wa kampuni. Programu yangu haikuujua muhuri ule, ikakataa kupokea. Nilipotafuta kwenye mtandao, watu walikuwa wanashauri kwa furaha kabisa uiambie programu isiangalie mihuri, basi yameisha.

"Usithubutu," mzee akasema. "Hiyo ni kumwambia mtoto apokee pipi kwa mtu yeyote. Tunampa nakala ya muhuri, aujue. Kazi ya dakika moja, wao wanaona uvivu."

Tukampa nakala. Nikabonyeza. Ndege zikajipanga kwenye skrini ya ukutani, moja chini ya nyingine: inayokuja nyeupe, iliyochelewa njano, iliyotua kijani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, nilikuwa nimeweka saa, kuonyesha mara ya mwisho ilipouliza. Watu wa mkandani wakanyanyua vichwa. Mama wa Bukavu akapiga vigelegele vilivyomfanya msimamizi adhani kuna moto.

Mzee alibaki anasoma mistari yangu mpaka chini, akaweka kidole kwenye skrini.

"Hii tatu ni ya nini?"

"Ni hodi. Ikikosa jibu inabisha tena. Ikifika mara tatu bila kujibiwa, inaondoka."

Alicheka mpaka akakaa. "Umeifundisha programu adabu! Wenzako huandika igonge mpaka mlango ung'oke." Lakini hakuigusa ile tatu. Yeye naye kalelewa Tanga. Tatu ni tatu, mtu mwenye haya zake haongezi.

Basi, ndipo bibi akapata viza.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alikuwa anakuja kumwona mama mdogo, binti yake wa mwisho, ambaye aliondoka nyumbani mimi nikiwa bado mtoto mdogo, nanyolewa denge. Mama mdogo hakuwa amerudi hata mara moja. Babu alipofariki karatasi za mama mdogo za kukaa hapa zilikuwa hazijakamilika, angetoka asingeweza kuingia tena, kwa hiyo babu alizikwa yeye akiwa huku, amesimama jikoni na simu sikioni anasikiliza watu wanasoma dua. Hilo halizungumzwi kwetu. Lakini ukipika naye unaliona, kuna wakati anaacha mwiko anatazama dirisha.

Siku ya ndege ikaangukia siku mbaya. Mama mdogo anamtunza mama mmoja wa Kiingereza, mzee sana, hawezi kuachwa peke yake hata kidogo mpaka wa zamu ya pili aingie. Mimi kazini watu walikuwa wachache, nusu wanaumwa mafua. Msimamizi akasema hawezi kunipa siku nzima, ila ndege ikitua tu, nivue glavu niende. Tukapiga hesabu: kwa basi si mbali, na wageni wenye viza hukaa foleni ndefu kwenye pasipoti. Nikiondoka ndege inapotua, nitafika bibi hajatoka.

"Usijali," nikamwambia mama mdogo. "Skrini yangu itaniambia."

Alikuwa anafunga vifungo vya koti lake mlangoni. Akasema neno moja tu:

"Asisimame peke yake."

Na bibi naye kwenye simu usiku wa kuamkia safari alikuwa amejaa vitisho. "Nikitoka kwenye huo mlango wenu nikakosa uso ninaoujua, nageuka, narudi, nalala humohumo ndegeni. Umesikia, mke mwenzangu?" Ananiita hivyo kwa sababu babu alikuwa ananiita mchumba wake tangu nimezaliwa, kwa hiyo mimi na bibi ni wake wenza, tumegombana maisha yetu yote. Alicheka, mimi nikacheka. Lakini mwishoni aliuliza tena, pole pole, "Lakini utakuwepo?" Nikasema nitakuwepo.

Siku hiyo niliwekwa mkandani, mahali ninapoiona skrini vizuri. Ndege ya bibi ilikuwa mstari wa nne, nyeupe. Inatarajiwa alasiri. Nilipanga trei kwa mikono inayojua kazi, macho yakiwa ukutani. Vijiko vililia mara nyingi sana siku ile, na kila vikilia moyo ulikuwa unapanda, natazama, mstari wa nne bado mweupe. Nikamsimulia mama wa Bukavu habari zote za bibi: anavyokula muhogo mbichi, anavyosema na kuku kama watu wa baraza.

"Na wewe utamupikia nini?"

"Chochote, atakisema vibaya tu."

"Mama wa kweli," akasema. Akainua uso kwenye skrini, akakunja macho. "Mtoto yangu. Ile saa ya pale chini haiko natembea."

Nikatazama. Saa ndogo niliyoiweka mwenyewe ilikuwa imesimama. Nikaangalia saa ya ukutani ya ghala, halafu ile, halafu ya ghala.

Nilikimbia mpaka ofisini na glavu mikononi. Programu haikuwepo. Kwenye kumbukumbu yake ilikuwa imeandika, kwa utulivu, kama nilivyoiagiza: hodi. Hodi. Hodi. Chini yake, hakuna kitu. Ilibisha mara tatu, mshenga hakuitika, ikaaga kwa heshima ikaondoka, na ukutani likabaki neno lake la mwisho kama vile bado ni kweli. Nikafungua tovuti kwa mkono. Ndege ya bibi ilikuwa imesukumwa na upepo wa nyuma, ikawahi, ikatua kitambo.

Mzee akaingia akanikuta nimejishika kichwa.

"Proksi niliizima kidogo," akasema, na uso wake ukaanza kubadilika kabla hajamaliza. "Niliiwasha upya. Dakika chache tu. Wewe ulikuwa... ndege ya nani hiyo?"

"Ya bibi."

Alichukua funguo za gari mezani. "Kavue glavu."

Njiani simu yangu, iliyotoka kwenye loka, ilikuwa imejaa ujumbe wa mama mdogo, mfupi mfupi. Umemwona? Ameshatoka? Mbona kimya? Nilishindwa kuandika chochote. Mzee aliendesha amekaza mikono kwenye usukani. Mahali fulani kwenye taa nyekundu akasema, bila kunitazama, "Ana simu?"

"Ya nyumbani. Huku haishiki."

"Anajua Kiingereza?"

"Anajua 'senkyu'."

"Hilo litamfikisha mbali," akasema. Taa ikawaka kijani.

Akanishusha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha. Nikaingia mbio kwenye ule ukumbi wanapotokea wageni. Watu, maua, madereva na vibao vya majina, watoto juu ya masanduku. Macho yangu yalitafuta kwenye viti kwanza, kwa sababu mtu mzima ametoka safari ndefu, amebadili ndege njiani akishikwa mkono na watu asiowajua, si atakuwa amekaa? Viti vilikuwa vingi na vingine vitupu. Hayupo.

Alikuwa amesimama. Pale mbele kabisa kwenye uzio wa chuma, mkono mmoja umeushika, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, ndani ya koti kubwa alilotumiwa na binti yake, na khanga juu ya koti. Miguuni alikuwa amevaa zile soksi nyembamba wanazogawa kwenye ndege. Viatu vyake, vipya, vyeusi, vya kununuliwa kwa ajili ya safari, alikuwa amevishika mkononi. Miguu ilikuwa imevimba.

"Bibi!"

Akageuka taratibu, akanitazama kutoka kichwani mpaka chini, mpaka kwenye kofia yangu ya nyavu ambayo sikuwa nimeivua.

"Mke mwenzangu," akasema, "kumbe ulikuwa unajipamba."

Nikamkumbatia nikalia palepale. Alinukia nazi na ndege. Nilimsikia anatetemeka kidogo, miguu ile, ya kusimama.

"Bibi, mbona hukukaa?"

"Nikikaa utanionaje? Mimi mfupi." Akanifuta uso na ncha ya khanga. "Nyamaza basi. Watasema nimekupiga na kiatu."

Kwenye gari alikataa kukaa mbele na mwanamume asiyemjua, mpaka mwanamume huyo alipomwamkia shikamoo bibi, karibu Landani, na kumuuliza kama Muheza bado kuna machungwa. Bibi akaniangalia. "Mhindi huyu wa wapi?" "Wa Tanga, bibi." "Aa," akasema akijitengeneza kwenye kiti, "basi ni mtu." Na mara wakawa wanabishana kama duka la baba yake lilikuwa linauza khanga kwa bei ya haki.

Halafu akataka kujua nilizuiwa na nini. Nikamweleza kama nilivyoweza: kuna programu, inaulizia ndege, inapitia kwa mshenga, mshenga hakuwepo, ikapiga hodi mara tatu ikaondoka.

"Mara tatu? Nani kaifundisha?"

"Mimi. Na mimi ulinifundisha wewe, bibi."

"Mimi?" Akanigeukia na mwili mzima. "Mimi nilikufundisha kwa ajili ya nyumba ya mwalimu wako wa madrasa, kwa sababu ulikuwa unagonga kama askari wa kodi! Mzee wa watu analala mchana, wewe ngo ngo ngo. Kwingine kote ulikuwa unaingia tu. Kwangu mimi lini ulipiga hodi?"

Mzee wa Tanga alicheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi pia nilicheka, bado nina machozi. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba sheria nikidhani ni ya dunia nzima, kumbe ilitungwa kwa ajili yangu na mlango mmoja.

Wiki iliyofuata tuliirekebisha, mimi na yeye, wakati wa chai. Sasa ikikosa kuitikiwa haiondoki. Inakaa barazani, inangoja kidogo, inabisha tena, inangoja zaidi kidogo, inabisha tena, isimchoshe mwenye nyumba. Na ikiwa kimya kimezidi, inafuta kila kitu ukutani na kuandika kwa maandishi mekundu makubwa: SINA HABARI. Mzee ndiye aliyesisitiza hilo. Alisema kutokujua si aibu, aibu ni kusimama pale unaonyesha habari za asubuhi. Naye akawa kila akitaka kuizima proksi anapita kwanza mkandani, ananiuliza, "Leo hatuna mgeni?"

Lakini nilikuwa nasimulia siku ile.

Tulimfikisha bibi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Nikamkalisha kwenye kochi, nikampa chai, akaisema vibaya. Hakuguswa na televisheni wala na dirisha, alikuwa anatazama mlango. Mama mdogo aliingia na sare yake ya kazi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, amekimbia kutoka kwenye basi, kifua kinapanda na kushuka. Akasimama kwenye zulia. Nilidhani watarukiana. Hawakurukiana. Walitazamana tu, kila mmoja anahesabu kilichobadilika kwa mwenzake.

Ndipo mama mdogo akaona miguu. Soksi zile, na vifundo vilivyojaa. Yeye kazi yake ni miili ya wazee, huwezi kumdanganya kwenye miguu. Akanigeukia mimi.

"Alisimama?"

Nikafungua mdomo.

"Nani asimame?" bibi akadakia. "Nilikaa. Walinipa na kiti kabisa, cha sponji. Huyu alinikuta nasinzia." Na kwa pembeni akanirushia jicho, jicho la mke mwenza, la kunyamazisha.

Mama mdogo akapiga magoti. Akamvua soksi moja, halafu nyingine, taratibu, kama mtu anayemenya yai la moto, akaiweka miguu ya mama yake mapajani mwake. Akainamisha kichwa juu yake. Bibi akaweka mkono kwenye nywele zake, akasema, "Umekonda," na mama mdogo akasema, "Sijakonda, mama, nimenenepa," na bibi akasema, "Umekonda." Sauti zao zote mbili zilikuwa zimeanza kuharibika. Nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu.

Viatu vya bibi nilikuwa nimeviweka jikoni tangu tulipotoka garini. Nikavitazama. Vizuri kweli, vya ngozi ngumu, vimeng'arishwa, havijakunjwa hata mara moja. Kule Muheza lazima alivipanga juu ya kabati, akawa anavifuta kila siku akingojea safari, bila kuvivaa ili visichakae. Keshokutwa ilikuwa Jumapili, mama mdogo ana mapumziko, walikuwa watoke pamoja, wakatembee, na bibi asingekubali kutoka na raba za mtu.

Mguu wangu ni mkubwa kuliko wake, ungevitanua. Nikachukua chumbani soksi zangu nene za baridi, nikavaa jozi mbili moja juu ya nyingine, nikausukuma mguu ndani ya kiatu cha kwanza mpaka ukaingia, nikausukuma na wa pili. Viliuma. Nikashika ukingo wa sinki, nikanyanyuka kwenye vidole, nikashuka, nikanyanyuka tena mpaka ngozi ikaanza kulia pale inapokunjika. Halafu nikaanza kutembea, kutoka jiko mpaka friji, kutoka friji mpaka jiko, nikikanyaga polepole wasinisikie.